Kiti cha Kushoto

Gari halikuumia sana. Aliyeumia ni dereva, naye alikuwa amekufa.

Inspekta Theodora alisimama ukingoni mwa barabara, kwenye mteremko wa kutoka Newala kwenda Masasi, akachungulia bondeni mara moja tu. Ilimtosha. Alikuwa mtu wa Mbeya, milimani alikozaliwa, lakini mteremko huu ulimtisha kila alipoupita. Alirudi nyuma akashika mlango wa gari la polisi.

Gari la mashindano lilikuwa limeteleza, likageuka, likagonga kingo ya udongo kwa nyuma. Buti limebonyea. Taa moja imevunjika. Basi.

"Afande," alisema Koplo Nasibu, "ajali kama hii mtu hutoka akitukana. Hatoki maiti."

Marehemu aliitwa Salmini, mfanyabiashara wa korosho wa pale Masasi, aliyependa mbio za magari kuliko chakula, na chakula alikipenda sana. Bado alikuwa na kofia ngumu kichwani, mikanda imemkaza kifuani. Lakini mgongo wa kiti chake ulikuwa umekatika chini ya kitambaa chekundu, naye amelala chali ndani yake. Theodora alipitisha mkono kati ya nyonga ya marehemu na ubavu wa kiti ili afungue mikanda. Mkono ulipita bila taabu.

Alichana kitambaa kwa kisu. Ganda gumu la kiti lilikuwa limevunjika palipokuwa na ufa wa zamani, umejaa vumbi na kupakwa rangi nyeusi juu.

Kando ya barabara alikaa Sadallah, mdogo wake marehemu. Yeye ndiye aliyekaa kushoto garini na kumtajia kaka yake kona zinazokuja. Alikuwa na mchaniko mdomoni tu. Walimpa maji, Theodora akachuchumaa mbele yake.

"Mlikuwa mnakimbia?"

"Hapana. Tulikuwa tunajaribu gari."

"Nini kilitokea?"

"Changarawe. Gari likageuka. Nikasikia kitu kikikatika. Nikamwita kaka, hakuitika."

"Kiti kile alianza kukitumia lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Fundi Suleimani ndiye aliyekifunga."

Kufika alasiri, jina la Suleimani lilikuwa midomoni mwa mji mzima. Vijana wa bodaboda walivunja mlango wa karakana yake Mkomaindo. Mmoja wao alibeba dumu la petroli. Fundi alifika kituoni mwenyewe, mbio, kiatu mguu mmoja, akaomba afungiwe.

Theodora alimkuta amejikunyata kwenye kona ya mahabusu, mtu mzima mwenye mvi.

"Shikamoo, fundi."

Suleimani alisahau hata kuitika. "Usinitoe, mama. Nakuomba. Wataniunguza."

"Sikutoi. Nijibu. Viti ulifunga wewe?"

"Vyote viwili."

"Kimoja kilikuwa na ufa. Uliuona?"

"Niliuona. Nikamwambia Salmini, kiti cha mashindano hakichaguliwi kwa rangi. Lazima kikubane ubavuni, na ganda lake liwe zima. Kikishapata ajali kimekwisha, hata ukikivisha hariri. Vile viwili alivitoa Dar, vya mtumba. Chembamba kilikuwa kizima. Kipana kilikuwa na ufa. Nikasema hiki tukitupe."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema kizima akae yeye, chenye ufa akae mdogo wake, kwa kuwa ni mwepesi. Nikapitisha rangi juu ya ufa, Mungu anisamehe, nikakifunga kushoto."

"Salmini alikaa kulia, fundi. Na chenye ufa kilikuwa kulia."

"Najua alikokaa!" Suleimani alijishika kichwa. "Ndiyo maana naogopa. Nilikifunga kushoto, mama. Wallahi kushoto!"

"Nani mwingine aliyasikia mazungumzo hayo?"

"Mimi na marehemu."

"Marehemu hawezi kukusaidia."

Alijutia maneno hayo papo hapo, kwa sababu mzee yule alianza kulia kwa sauti. Theodora aliogopa. Kama fundi anadanganya, ameua kwa uzembe na sasa anajitetea. Kama anasema kweli, basi kuna mtu aliyevihamisha viti, na mtu huyo yumo miongoni mwa wafiwa akipokea pole. Nje, vijana walikuwa wamekwisha kutoa ahadi yao: leo wanamheshimu maiti, kesho wakitoka makaburini watarudi kumchukua Suleimani. Na kituo kizima kilikuwa na askari wa kuhesabu kwa vidole.

Jioni alikwenda kuonana na Daktari Claudia, aliyefanya uchunguzi wa maiti.

"Amevunjika shingo," alisema daktari. "Mgongo wa kiti ulimwachia, kichwa kikaenda nyuma na kofia yake nzito. Hilo halina mjadala. Linalonishangaza ni hili: ana michubuko nyongani, pande zote mbili, usawa mmoja. Si ya leo. Imeanza kugeuka manjano."

"Ya nini?"

"Ya kubanwa. Na kitu kigumu, zaidi ya mara moja."

Theodora hakulala vizuri usiku ule. Kila akifumba macho alisikia honi za pikipiki, na hazikuwapo.

Maziko yalikuwa Chiungutwa, nyumbani kwa kina Salmini. Wanaume walikaa jamvini, wanawake uani, na kilio kilikuwa kikubwa. Zena, mjane wa marehemu, alikuwa amepoteza sauti. Theodora alijifunga kanga, akaketi karibu na mlango, akawa anatazama nyuso.

Ndipo alipoingia Mama Kulwa, mtani wa ukoo ule. Kwa desturi ya huku, mtani hazuiliwi msibani. Anamwigiza marehemu alivyotembea, alivyokula, alivyokopa, na wafiwa hucheka wakiwa na machozi. Masheikh wengine hawalipendi jambo hilo, lakini nao hugeuza uso pembeni ili wasionekane wakitabasamu.

Mama Kulwa alijivika sufuria kichwani, akafunga mto tumboni, akaketi ndani ya beseni dogo la kuogeshea watoto. Makalio yakakwama.

"Suleimani wee!" alinguruma kwa sauti nzito ya marehemu. "Kiti gani hiki? Kuingia nimeingia, nani atanitoa? Zena, lete mafuta ya kula unipake! Sadallah, shika mkono huu, vuta! Vuta, mwoga wee!"

Uani kukalipuka kicheko. Hata Zena alicheka, kisha akaanguka kulia upya.

Theodora hakucheka. Alikumbuka mkono wake ukipita bila taabu kando ya nyonga ya maiti.

Alimfuata Mama Kulwa nyuma ya jiko. "Shikamoo, mama. Ulimwona kwa macho yako akikwama hivyo?"

"Marahaba. Nilimwona Alhamisi, hapahapa nje. Tulimvuta watu wanne."

"Isije ikawa umeongeza chumvi."

Mama Kulwa alimkazia macho. "Chumvi naongeza kwa walio hai, mwanangu. Maiti haigizwi kwa uongo. Uongo wake utanifuata nyumbani."

Basi Alhamisi Salmini alikaa kwenye kiti kilichombana mpaka kikamchubua. Jumamosi akafa kwenye kiti kilichompwaya. Nasibu alikuja akamnong'oneza kwamba wakati watu wanacheka, Sadallah aliondoka jamvini, akaenda kutapika nyuma ya choo.

Walirudi Masasi bila kungoja maziko yaishe. Gari lilikuwa uani mwa kituo, chini ya turubai. Theodora alivua kitambaa cha buluu cha kiti cha kushoto, kile alichokalia Sadallah. Ganda lilikuwa zima. Aligonga kwa kifundo cha kidole, likaitika vizuri kama chungu kisicho na ufa. Nati za viti vyote viwili zilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana, inayong'aa.

Mwishowe aliingia akakaa. Kiti kilimshika nyonga na mbavu, kikamkaza hasa. Ndani ya kiti hiki mtu angeweza kugonga kingo ya udongo na kubaki hai. Na mmoja alibaki.

"Kamlete Sadallah," alimwambia Nasibu. "Kwa adabu. Usimfunge pingu mbele ya mama yake."

Sadallah aliletwa na vumbi la kaburi bado viganjani. Theodora alimpa onyo kwa mujibu wa sheria, kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalolisema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Kijana aliitikia kwa kichwa. Meno yake yalikuwa yakigongana, na jua lilikuwa kali.

"Ulisema kiti kile kilikuwa cha kaka yako tangu siku ya kwanza."

"Ndiyo."

"Alhamisi alikwama. Wewe ulimvuta?"

Sadallah alianza kupangusa viganja kwenye suruali.

"Ulimvuta, Sadallah?"

"Nilimvuta."

"Kwenye kiti kipi?"

Kabla hajajibu, honi zilianza nje. Kwanza moja, kisha nyingi, zikikaribia. Mtu akapiga kelele, "Mtoeni fundi!" Jiwe likatua juu ya bati. Nasibu aliwahi kufunga dirisha na kusimama mlangoni, bunduki mkononi, jasho likimtiririka.

Upande wa pili wa ukuta sauti ya Suleimani ilisikika. Alikuwa akisoma shahada haraka haraka, akiirudia, kama mtu anayekufa.

"Unamsikia?" aliuliza Theodora. Sauti yake mwenyewe ilikuwa inatetemeka, wala hakuificha. "Mimi naogopa. Nasibu anaogopa. Lakini yule mzee anaogopa kuliko sisi sote, kwa jambo ambalo hakulifanya. Wewe unaijua hofu hiyo. Msikilize."

Sadallah aliziba masikio. Jiwe la pili likatua. Fundi alipiga ukelele mmoja, akanyamaza.

"Ni mimi!" Sadallah alisema. "Waambieni wamwache. Nilivihamisha mimi, Ijumaa, nikabadilisha na vitambaa, kila upande ubaki na rangi yake."

Theodora alimtazama Nasibu. Koplo akatoka. Walimsikia akipaza sauti kwamba fundi hana hatia ya kuua, kwamba mhusika amekwisha kukiri, kwamba asiyeondoka atalala ndani. Kelele zilipanda, zikapungua. Pikipiki moja ikawaka, kisha nyingine.

"Ulijuaje kwamba kile chako kilikuwa na ufa?"

"Nilikuwa uvunguni mwa gari, nafunga bomba la moshi. Walikuwa wamesimama juu yangu. Nilimsikia fundi akisema kiti hiki kitaua mtu. Nikamsikia kaka akisema, 'Atakaa Sadallah.'"

"Kwa nini hukukataa?"

"Nilikataa. Nilimwambia, kaka, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, niache mie niwe mwoga. Akanicheka. Akasema hata jandoni nililia peke yangu. Afande, yeye ndiye aliyenilea. Nakula kwake, nalala kwake. Ningekwenda wapi? Kila tukishuka ule mteremko nilisikia kiti kikilia mgongoni kwangu. Nikawa silali."

"Kwa hiyo ukataka afe."

"Hapana! Sikutaka afe. Nilitaka nisife mimi."

"Hakugundua?"

Machozi yalimtoka Sadallah, akayaacha yadondoke. "Aligundua. Aliingia, akakaa, akashangaa. 'Leo mbona hakinibani?' Nikamwambia nimepunguza sponji za pembeni. Akanipiga begani. Akasema, 'Ahsante, mdogo wangu. Leo nimestarehe.'"

Theodora aliweka kalamu chini. Alikuwa na kaka pia, huko Mbeya.

"Mlishuka pamoja," alisema. "Kazi yako ilikuwa kumtajia kila kilicho mbele. Ulimtajia kona zote?"

"Zote. Sikukosea hata moja."

"Sasa kwa nini hukumwambia lile moja?"

Sadallah aliinua uso. Alikuwa bado anaogopa, kama vile gari lingali linashuka.

"Angesimamisha gari," alisema, "angenirudisha kwenye kiti changu."