Kichwa Juu ya Herufi

Walikuwapo: Florentine, mhariri wa jarida la Mwambao, Onesphore, mpangaji wa majalada, na Mama Honorine, mzazi wa Thierry. Hakuwapo Thierry, mpiga picha na mchumba wa Florentine, aliyepotea vita vilipoingia Uvira. Kiti chake hakuna aliyethubutu kukikalia.

Onesphore aliweka jalada jipya mezani: uso wa Thierry ndani ya fremu nyeusi, na chini ya kidevu, kwa herufi nyembamba, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa.

— Mama, ukikubali tunachapa leo. Florentine naye iko na haki ya kupumua.

— Kupumua, ao kuolewa na weye?

Florentine hakuwasikia. Macho ya picha yalimtazama kama ya mtu anayesubiri kufunguliwa mlango.

— Onesphore, mbona kichwa kimefunika herufi za jina la jarida?

Tangu vita vianze, Mwambao lilikuwa na kanuni: kichwa cha aliye hai hupita juu ya herufi za jina, cha marehemu huwekwa chini yake, jina lisomeke zima. Onesphore ndiye aliyeitunga, na hakuwahi kuikosea.

— Mukono umechoka tu.

— Umepanga wafu wangapi mu hii ofisi bila kuchoka? Leo mukono wako ulijua nini? Leta telefone, nione nani anakuandikia.

Aliitoa polepole. Florentine akasoma kwa sauti:

"Ndugu, niko muzima, niko Bujumbura. Muguu moja walikata. Telefone ya Florentine haipite. Mwambie."

Chini yake, jibu la Onesphore: "Ameolewa. Usirudi."

Mama Honorine alimgeukia Onesphore.

— Nilimulilia ku ziwa, weye ukinishika mukono?

— Nilimupenda Florentine, Mama.

— Na minye nilimuzaa Thierry!

Florentine alipiga ile namba kwa simu hiyohiyo. Sauti ya Thierry iliitika.

— Onesphore, unataka nini tena?

— Ni minye.

— Bwana yako anajua unanipigia?

— Sina bwana. Niko na mama yako, na picha yako mu fremu nyeusi.

— Florentine... muguu...

— Nilikuuliza muguu?

Alikata simu, akasimama, akawatazama wote wawili.

— Toleo hili halitachapwa. Onesphore, acha funguo mezani, uende. Mama, kesho asubuhi tunavuka mupaka ku Kavimvira. Ndoa itafungwa Bujumbura, na shahidi wangu ni weye.