Jiko Lisilo na Dohani

Majirani wa Mwalimu Deodata wanaikumbuka siku ile kwa sababu haikuwa na jambo lolote. Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, mwaka ambao askari walikuwa wanarudi kutoka Uganda. Watu wa Ntobeye walikuwa wanaanika mtama, naye Mwalimu alisimama uani kwa mumewe, mikono kiunoni, akiliangalia jiko.

Lilikuwa kibanda cha miti na udongo, kimeinama kama mlevi, nyasi za paa zimekuwa nyeusi tititi. Ndani mlikuwa na mafiga matatu, kigoda, na vyungu vilivyomeguka midomo. Hiyo ndiyo mali aliyoiacha Niragira, mke wa kwanza wa Renatus, aliyefariki mwaka uliotangulia. Deodata hakuwahi kumwona. Alimjua kwa masizi yake, na masizi yalimtosha.

Alikuwa na sababu ya kulichukia jiko lile. Tangu aolewe, mumewe hakula alichompikia. Renatus, karani wa ghala la kijiji, alikuwa mtu mpole asiyejua kugomba. Alikula matonge mawili, akanawa, akasema, "Nashukuru, Mwalimu, nimeshiba." Shati lilizidi kumpwaya, na majirani waliona. Mke ambaye mumewe hali kwake ni mke wa nini? Deodata alikuwa amesomea ualimu, akafaulu vizuri somo la upishi, na alikuwa akikisahihisha kijiji kizima kilichochanganya l na r hata kanisani. Hakukubali kwamba kasoro ilikuwa mkononi mwake. Kasoro ilikuwa lile pango. Nani angepata ladha mle, tena wakati chumvi haijaonekana dukani kwa miezi?

Akaanza kuchagua vifaa. Tope alilikataa, tope ni la nyigu. Matofali mabichi aliyaita tope lililonyooshwa. Alitaka ya kuchoma, yanayolia yakigongwa. Saruji na mabati aliletewa na kaka yake Privatus, dereva wa lori wa Biharamulo aliyekuwa akibeba mizigo ya vita. Privatus alimwambia pia kwamba kuna mtu anauza jiko la umeme lililotoka ng'ambo, jeupe, lenye mlango wa kioo. Deodata alicheka kwa pua. Mke wa katibu kata alikuwa nalo la namna hiyo. Kwa kuwa kijiji hakikuwa na umeme wala tamaa ya kuupata, alitunzia kanga zake humo, na wageni walionyeshwa kanga kupitia kioo.

"Mimi niletee la mafuta ya taa," alimwambia kaka yake. "La tambi. Nataka kupika, sitaki kuonyesha nguo."

Fundi alikuwa Minani, mkimbizi kutoka Burundi, mtu wa maneno machache. Alimwuliza dohani aiweke wapi. Akajibiwa kwamba jiko la mafuta ya taa halina moshi wa kutafutiwa njia. Kisha akauliza mafiga ya marehemu ayapeleke wapi.

"Yatie kwenye msingi."

Minani akashusha sauti. "Mama Mwalimu, haya hayajapoa."

"Yana wiki nzima hayajaona moto. Ni mawe, fundi. Fukia."

Akayafukia, akamwaga zege juu yake. Lakini hakuyashika kwa mikono mitupu. Aliyabeba kwa majani ya mgomba, kama mtu anayeepua chungu.

Jiko likakamilika: sakafu laini ya saruji, kuta za chokaa, rafu za mbao, meza ya zege, na juu yake jiko jipya linalong'aa kama kikombe cha mashindano. Mama mkwe, Scholastika, alikuja kutazama. Alichungulia, hakuingia.

"Zuri," alisema. "Linafaa kulaza mgonjwa."

Jumatatu Deodata alipika maharage alfajiri, akaenda shule. Aliporudi mchana alimkuta Renatus mezani, anafuta midomo. Sahani ilikuwa tupu.

"Leo nimekula," alisema Renatus, na macho yake yalikuwa na machozi.

Deodata nusura aimbe. Akachukua sahani kwenda kuiosha. Jikoni aliikuta sufuria ya maharage palepale alipoiacha, imejaa, imepoa, haijaguswa. Akaitazama sahani aliyoishika. Ilikuwa na mabaki ya ndizi na maharage ya mawese. Alipomwuliza Renatus, alijibu kwamba alikuta chakula kimepakuliwa. Deodata akachovya kidole, akaonja.

Kilikuwa na chumvi.

Ikawa hivyo kila siku. Renatus akanenepa, na chakula cha Deodata kikaliwa na mbwa. Alimshuku mama mkwe. Akaenda kwake, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamweleza kwa Kiswahili cha ubaoni kwamba si heshima kwa mtu mzima kupenyeza vyungu katika nyumba ya mwanawe.

Scholastika hakuacha kupeta ulezi. "Mimi hata chumvi ya kuweka kwenye kidonda sina, Mwalimu. Mumeo anakula. Ungemshukuru anayekusaidia."

Kesho yake Deodata aliwaachia wanafunzi kazi, akarudi kabla ya adhuhuri, akajifungia jikoni. Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, amsubiri mwizi wake. Jiko jipya lilikuwa baridi; mafuta ya taa yenyewe yalikuwa yamekwisha tangu juzi. Akiwa pale aliwadharau wote kwa utulivu: mama mkwe, fundi, na kijiji kizima kinachoogopa kivuli chake.

Sakafu ikaanza kupata joto.

Alidhani ni jua. Jua halikuingia mle. Joto lilitoka chini, likapita kwenye gauni. Kisha akasikia mtu anapuliza. Pumzi ndefu. Nyingine. Karibu na goti lake. Mtu akakohoa. Macho yakamwasha, machozi yakamtoka. Hakuona moshi. Lakini ulikuwamo, na haukuwa na pa kutokea.

Sauti ya mwanamke ikasema chinichini, kwa heshima:

"Sogea kidogo. Umekaria mahari pangu."

Mazoea yalitangulia hofu. "Mahali," Deodata alinong'ona. "Mahari hutolewa kwa bibi harusi. Umekalia mahali pangu."



Sauti ikarudia, polepole, kama mwanafunzi anayetaka kumpendeza mwalimu.

"Umekalia. Mahali. Pangu."

Ilikuwa sauti ya Deodata.

Alifungua kinywa apige kelele. Ilitoka hewa tu. Alitambaa, akapapasa komeo, akatokea uani. Renatus alikuwa anarudi kutoka ghalani. Deodata akamshika mkono, akajitahidi kumwambia asiingie. Koo lilikwaruza tu. Renatus alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia. Kutoka jikoni kukasikika Kiswahili safi, kila herufi imetamkwa:

"Renatus, karibu chakula."

Akautoa mkono wake taratibu. "Naitwa," alisema.

Deodata alirudi kwao Biharamulo. Alimwandikia mama yake kwenye karatasi kwamba vumbi la chaki limemharibia koo na amekuja kupumzika. Zaidi ya hapo hakueleza, na sauti haikurudi.

Wiki chache baadaye, jioni, lori la Privatus likasimama nje. Alianza kuzungumza kabla hajaingia. Alikuwa ametoka Ngara, akapitia Ntobeye kwa Mwalimu kumsalimu. Mwalimu hakutoka jikoni, eti moshi unamuumiza macho. Alimpitishia kifurushi mlangoni, cha mama, na kabla ya kumpa alimsahihisha Kiswahili mara mbili. Privatus akaingia anacheka, kifurushi cha majani ya mgomba mkononi.

Akamwona dada yake kwenye mkeka.

"Nimekuacha kule asubuhi," alisema kwa sauti ndogo. "Umenipa kwa mkono wako."

Deodata akatikisa kichwa. Mama yao, aliyekuwa amekipokea kifurushi, alikuwa anafungua kamba. Mvuke ukapanda. Safari ya kutwa nzima, na majani bado yalimuunguza vidole. Deodata akanyoosha mkono kumzuia. Hakuwa na sauti ya kumwambia asile. Mama alikwisha tia kinywani. Akatafuna. Akameza. Akamgeukia binti yake, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo Deodata hakuwahi kuiona tangu utotoni.

"Kumbe mwanangu," alisema, "huko ulikoolewa umejifunza kupika."