Kanyagio la Kichwa Namba Kumi na Nne

Mkewe alikuwa akiwaambia wageni kwamba mzee ameoa mke wa pili, wa chuma, na amempangishia banda la nyuma. Wageni walicheka. Yeye mwenyewe hakucheka sana, maana meza yake ya jikoni iliondoka miaka minne iliyopita kwenda kumbeba huyo mke mwenza, na haikurudi.

Mzee alijulikana kama Tupa tangu ujana wake katika karakana ya reli, kwa kuwa hakuna chuma kilichotoka mikononi mwake bila kupigwa tupa. Kwa miaka thelathini alitengeneza vichwa vya treni za umeme. Vilipochakaa vikakatwakatwa, alistaafu, akaanza kukijenga upya kimoja, namba kumi na nne, kwa kipimo cha moja kwa nane. Urefu wake ulifika karibu mita mbili. Reli zake, zilizolazwa juu ya mataruma ya mbao, zilizunguka nyumba nzima. Nyuma yake kulikuwa na behewa la wazi ambalo mtu angeweza kukalia.

Tupa hakupenda vya kuigiza. Kilichofanya kazi kwenye kichwa kikubwa kilipaswa kufanya kazi kwenye kidogo. Ndiyo maana alitengeneza hata kanyagio la dereva, la shaba, dogo kama punje ya mahindi, lenye springi na nyaya zake. Kwenye treni kubwa, dereva hulikanyaga safari nzima. Akizimia, mguu unalegea, kanyagio linainuka, umeme unakatika na breki zinakamata. Wenzake wa kujenga treni ndogo walimwambia aachane nalo, kwani dereva yuko wapi? Yeye akaliunga. Bila kitu cha kulibana chini, kichwa kisingesogea hata kidole.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, ilikuwa siku ya kukiendesha mara ya kwanza. Binti yake alikuja na mtoto wake wa miaka mitano. Tupa aliunga betri, akaona taa zimewaka, akaiweka rimoti mfukoni bila kuiwasha. Kisha akaingia bandani kuchukua kabari ya mti aliyoichonga jana yake kwa ajili ya lile kanyagio.

Akaishika. Miguu ikagoma kutoka.

Alikuwa amewahi kuchonga nyingine, kubwa zaidi, miaka kumi na tisa nyuma. Springi ya kanyagio la namba kumi na nne ilikuwa ngumu, na dereva, bonge la mtu aliyependa kuimba kazini, alilalamika kwamba mguu unakufa ganzi. Stoo haikuwa na springi. Tupa alikata kabari akaigongelea ili ibane kanyagio chini, akamwambia ni ya leo tu. Siku hiyo moyo wa dereva ulisimama mteremkoni. Treni haikusimama. Ilipita kituo cha mwisho ikaingia ukutani. Tupa alikuwa wa kwanza kutumwa kukagua. Aliichomoa kabari, akaitia mfukoni. Ripoti ikaandika kwamba dereva alilala kazini, mguu wake mzito ukabaki juu ya kanyagio. Mjane wake akatolewa kwenye nyumba za reli kabla mwezi haujaisha.

Hakumwambia mtu. Hata mkewe.

Akasikia magurudumu.

Alitoka mbio. Kichwa kilikuwa kinakata kona ya kwanza. Mjukuu wake alikuwa ameketi behewani, anapunga mkono. Mama yake alikuwa amempandisha ili apigwe picha.

"Mzee, si ungesubiri?" mkewe alisema. "Mtoto hajashika vizuri."

Tupa alifungua kiganja. Kabari ilikuwa humo. Rimoti ilikuwa mfukoni, imezimwa.

Mzunguko wa pili ulikuwa wa kasi zaidi. Binti yake aliacha kupiga picha. Mzunguko wa tatu, penye kona ya tangi la maji, magurudumu ya upande mmoja yaliinuka yakarudi. Kichwa cha mtoto kilipita shibiri moja kutoka kwenye ukingo wa zege. Mtoto hakupunga tena.

Binti alikimbia kando ya behewa amnyakue mtoto. Hakumfikia.

Tupa alisubiri kwenye kona, akajirusha, akang'oa waya wa betri. Ulibaki mkononi mwake. Taa zilizimika. Kichwa kiliendelea kwenda. Kiliongeza mwendo.

Kilipompita, alichungulia dirisha la dereva. Kanyagio lilikuwa chini. Limelala kabisa sakafuni.

Juu yake hapakuwa na kitu.

Alijua ni nani. Alipiga magoti kando ya reli.

"Ni mimi," alinong'ona. Kikapita.

Mtoto alikuwa akilia sasa, amelala kifudifudi behewani. Kona ya tangi ilikuwa mbele. Magurudumu yakaanza kuinuka.

"Kabari niliiweka mimi," Tupa alisema kwa sauti, mbele ya mkewe na binti yake. "Wewe hukulala. Nisamehe, kaka. Hukulala kazini."

Breki zilikamata. Cheche zikaruka. Behewa liliyumba, likasimama likiwa limeegemea tangi, na mtoto ndani yake, mzima, goti tu limechubuka.

Binti alimbeba akaingia naye ndani. Mkewe alibaki.

"Nani hakulala?" aliuliza polepole.

Tupa akamweleza yote, amekaa palepale chini, waya ukiwa bado mkononi. Mama wa watu alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kesho yake waende wote wawili kwa mjane. Wakaenda. Baada ya hapo Tupa alipeleka maelezo yake kwa maandishi ofisi za reli, na akasaini.

Siku ya tatu alikifungua kichwa, akatoa lile kanyagio. Lilikuwa jipya, halikuwa limefanya kazi hata robo saa. Lakini shaba ilikuwa imelika katikati, imebonyea na kung'aa, kama ngazi iliyokanyagwa miaka mingi. Alimpa mkewe aone.

Mkewe aliliweka kiganjani, mara akaliangusha mezani.

"Ulikuwa umelishika muda mrefu?" aliuliza.

Tupa akasema hapana. Alikuwa amelitoa kwa koleo.

Mkewe alikuwa akisugua kiganja kwenye kanga yake. Kanyagio lilikuwa na joto, joto la mtu.