Piza ya Alkhamisi

Ulfat alikuwa kaingiza mkono ndani ya friza la supamaketi, karibu na Darajani, mjini Unguja, mkono wa mtu mwengine ukashika boksi lile lile. Lilikuwa la piza ya mwisho.

"Chukua wewe dada," akasema yule mwanamme, "lakini usiile hivyo hivyo. Hiyo tupu ni sawa na kula boksi lake."

Alikuwa Kheir, mtu wa shamba, Mkokotoni, mpishi wa hoteli Shangani, shati lake jeupe linanukia kitunguu thomu. Ulfat alicheka ndani ya baibui lake jeusi. Hakuwahi kucheka tangu Wakil, mumewe, ampe talaka moja naye arudi kwa mama yake, Malindi. Hilo hakulisema. Alichotoa ni namba ya simu.

Jioni ile, Alkhamisi, Kheir akapiga. "Oveni imepata moto? Haya, kata tungule, hizo nyanya, uzichuje maji, zisije zikairojesha piza."

"Na pweza?"

"Mchemshe kwanza, habibty, alainike. Jibini juu yake, mwisho kabisa."

Bi Tabia, mama yake Ulfat, alikula vipande vitatu. Tangu hapo kila Alkhamisi ikawa na piza yake, ya bilingani, ya dagaa, ya pilipili boga, na simu ndefu. Ulfat akawa anajitia udi kwa ajili ya simu tu.

Mwezi wa pili Kheir akasema, "Nnataka kuleta wazee."

"Usilete. Bado."

"Kwa sababu mie mtu wa shamba?"

"Si hivyo, Kheir."

"Basi nini?"

Ulfat akaona haya kumwambia. Eda yake, kiasi cha miezi mitatu ya kungoja baada ya talaka, haijesha, kuposwa ndani yake hakufai, naye keshapenda. Kheir akakata simu.

Alkhamisi mbili zilipita bila simu. Ya pili yake piza iliungua, akakaa chini jikoni akalia. Ndipo alipomwandikia yote: "Niko edani. Zimebaki siku nne. Mama anajua habari yetu. Njoo."

Kheir alikuja alasiri ile ile, kofia ya kiua kichwani, mfuko wa pweza mkononi. "Nisamehe," akasema mlangoni.

"Mie ndiye wa kusamehewa."

Bi Tabia akakaa nao. Wakapanga vipande vya pweza juu ya piza, wakitaniana nani kazidisha pilipili, wakaitia ovenini.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Wakil, na wazee wawili.

"Shikamoo, mama. Nimemrejea mke wangu. Hawa mashahidi."

"Mie sitaki," Ulfat akasema.

"Talaka ni moja na eda haijesha. Ridhaa yako haihitajiki."

Ulfat akamtazama mama yake. Bi Tabia akainamisha kichwa. "Ndivyo sheria ilivyo, mwanangu."

Kheir alishatoka. Ulfat akamkimbilia, akamkuta katikati ya ngazi, ameshika ukuta.

"Ungenambia siku ya kwanza."

"Ungeondoka."

"Ningeondoka, ndiyo. Kisha eda ikisha ningerudi."

"Na yeye angekuja vile vile, Kheir."

Kheir akaachia ukuta. Akashuka ngazi zilizobaki, akapotea uchochoroni. Huko juu, ovenini, jibini lilikuwa linaanza kuungua.

"Ulfat!" Wakil akaita.

Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Naam," akaitika, akapanda.