Germana na Sare ya Zambarau

Soko la Majengo Jumamosi halimsikilizi mtu. Makelele ya wauzaji, harufu ya vitunguu na vitambaa vipya, jua la Dodoma utosini. Germana, mtumishi wa wizara kule Mtumba, alikuwa amependeza ndani ya gauni la njano, kiuno kimebanwa sawasawa.

"Dada mrembo, una harusi? Nikukatie sare?"

"Sinunui sare, kaka. Ninazo tano kabatini, kila moja nimeivaa mara moja tu. Nguo kama hizo nimeziona zikiungua dampo, moshi mweusi unakaba koo. Nipe uzi wa njano, pindo limefumuka."

Sostenes, mwenye duka, akacheka. "Ukiacha wewe mmoja, moshi utaisha?"

"Hautaisha. Ila wangu hautakuwemo."

Jamani! Kijana wa watu akauza uzi, moyo akautoa bure.

Tangu hapo simu hazikupumzika.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula, bebi. Na wewe umeiua dunia kwa doti ngapi leo?"

"Chache tu, mama mazingira. Nakuogopa!"

Wanacheka mpaka salio linaisha.

Balaa likaja na sendoff ya kumuaga Anitha, mdogo wake Sostenes aliyekuwa anaolewa. Mama yao, Mama Penina, alimtumia Germana kitenge cha zambarau, sare ya familia. Germana akamtuma dereva wa bodaboda akirudishe, akaenda na gauni lake la njano. Lo! Ukumbi mzima zambarau, yeye peke yake njano. Mashangazi wakaguna. Kwao sare ndiyo inayoonyesha nani ni wa nani.

Kesho yake simu ikaita.

"Umemkataa mama yangu mbele za watu."

"Nimekataa kitambaa, Sostenes!"

"Kwetu ni kitu kimoja." Akakata.

Germana alilia hadi macho yakavimba. Alimpenda yule mwanaume, tena alimpenda hasa. Lakini avae nguo ya siku moja kisha ikachomwe? Nafsi ilikataa.

Siku ya harusi ya Anitha alikwenda Chamwino mapema, akamkuta Mama Penina mlangoni mwa kanisa. Akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti kavu.

"Nisamehe, mama. Nilipaswa kuja mwenyewe kukueleza, nikamtuma bodaboda. Sare siwezi, lakini nyie nawataka. Niweke hata kiti cha nyuma kabisa, usinifukuze tu."

Mama Penina akamtazama weee. Halafu akavua kilemba chake cha zambarau, akang'ata pindo, kraa! Akakichana katikati. Nusu akajifunga mwenyewe, nusu akamfunga Germana kichwani.

"Haya. Hakuna kilichonunuliwa, na wewe ni wetu. Una neno?"

Vigelegele! "Kumbe inawezekana?" shangazi mmoja akadakia. "Na mie nilivyojaza kabati!"

Sostenes akaja mbio, tai imekwenda upande. "Mama, unafanya nini?"

"Nakuposea mke. Wewe ulikuwa unangoja nini?"

"Nimekubali, mama," Germana akasema, kabla Sostenes hajafungua kinywa.