Abiria wa Mwalimu Thadeo

Jumanne saa kumi na mbili jioni, rafiki yangu Thadeo, mwalimu aliyefiwa na mkewe, aliondoka Mikumi peke yake kwa pikipiki, akirudi Zombo. Alikuwa amefuata mtandao, apakue vipimo vya mwanga wa nyota moja. Vilionyesha nyota inasogea kwetu kisha inarudi nyuma, ikivutwa na mwenzake asiyeonekana.

Giza lilipoingia, pikipiki ikawa nzito, shokapu za nyuma zikilia. Akasimama kwa fundi Samson.

“Shikamoo, mwalimu. Tairi nzima, upepo upo. Punguza abiria basi!”

“Marahaba. Abiria gani? Mwaka wa pili huu nalala na redio.”

Alifika, akazima injini, akashuka. Kiti cha nyuma kilibaki kimebonyea. Thadeo akafungua mlango wa nyumba. Ndipo shokapu zilipolia, kiti kikainuka.