Siku Niliyomkana Fundi

"Na huyu ni nani?" Profesa mgeni aliuliza.

Alikuwa anamtazama mume wangu. Mume wangu alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi wa mihadhara, uzi mwekundu ameubana kwa meno, anashona mpira wa kitambaa mkubwa wa kukumbatia. Asubuhi ile mpira ulifumuka mikononi mwangu, nikampigia simu huku nalia. Akaacha wateja wake, akaja alivyo, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni.

Mkuu wa idara alikuwa pale. Wahadhiri wenzangu wanne wakageuka. Jibu lilikuwa fupi tu. Nikalimeza.

"Ah, huyu ni fundi tu," nikasema. "Nimemwita arekebishe kidogo."

Nyumbani namwita Fundi, naye ananiita Daktari, na majina hayo yana utani wote wa miaka mitatu ya ndoa yetu. Siku ile nilimwita fundi kama mtu anayemwonyesha mwingine mlango wa kutokea.

Aliinua uso akanitazama. Akakata uzi.

"Ndiyo, mama," aliniambia, kwa heshima kabisa. "Kazi yako tayari."

Akachukua mkasi wake, akawapisha wakubwa, akaondoka.

Mhadhara wangu kwenye mkutano wa idara ulikwenda vizuri mno. Nilibandika mshale mdogo wa kitambaa juu kabisa ya mpira, nikauteremsha hadi kiunoni, nikausogeza robo ya mzunguko kufuata kiuno hicho, kisha nikaupandisha tena juu. Njia nzima sikuuzungusha hata kidogo. Lakini uliporudi ulipoanzia, ulikuwa umeelekea upande mwingine.

"Nani kaugeuza?" niliwauliza. "Hakuna. Ni umbo lenyewe. Wanajiometri wanauita huo mpindo. Sisi wa fizikia, tukishuka kwenye chembe ndogo kabisa, tunauita nguvu. Miaka mingi tulikuwa tunachora kitu kimoja katika vyumba viwili, na hakuna aliyegonga mlango wa mwenzake."

Watu wakapiga makofi. Profesa mgeni akanyoosha mkono.

"Nimefundisha jambo hili miaka thelathini, leo ndiyo nimeliona kwa macho. Wazo la kushona mpira lilikuwa la nani?"

"Langu," nikajibu.

Halikuwa langu. Wiki mbili kabla yake nilikuwa nimekaa mezani nimejishika kichwa, wanafunzi hawanielewi, michoro haisaidii. Mume wangu akaniuliza tatizo ni nini, nikamweleza ili tu aniache. Akacheka. "Daktari, hilo kila fundi cherehani analijua. Kitambaa bapa hakikai juu ya mpira mpaka ukikate na kukiunga. Ngoja nikushonee, uwashikishe." Alishona jioni nne mfululizo, baada ya kazi za wateja.

Nilipotoka ukumbini nilimwandikia ujumbe: "Asante mume wangu, umeniokoa ❤️"

Jibu lilikuja mara moja: "Karibu tena, mteja."

Nilifika nyumbani jua bado kali. Nilimkuta anakunja mashati yake, anayapanga kwenye begi.

"Fundi..."

"Naam, mama."

"Usiniite hivyo, tafadhali."

"Nikuiteje? Leo nimesikia mimi ni nani. Sasa najifunza wewe ni nani."

"Nilibabaika. Watu walikuwa wengi, mkuu wa idara yupo..."

"Uliniona haya," alisema. Hakupaza sauti. Laiti angepaza. "Miaka mitatu sijawahi kwenda hata sherehe moja ya idara yenu. Kila nikikuuliza, unaniambia hakuna anayeleta mwenza. Nikaamini. Kumbe mwenza asiyeletwa ni mimi."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mimi si fundi? Ni fundi. Hukudanganya." Akafunga zipu. "Nakwenda kwa dada. Ukinihitaji kwa kazi, namba unayo."

Sikumwambia lile la pili, kwamba wazo lake nililiita langu. Nilisimama mlangoni, nikamwacha aondoke bila kulijua.

Haikupita saa, simu ikaita. Wifi yangu.

"Wifi, kaka yangu yuko hapa. Kakaa kwenye cherehani yangu anashona mapazia ambayo sikumwomba. Haongei. Umemfanya nini?"

"Wifi, nimemkosea."

"Umemtukana?"

"Hapana. Niliulizwa ni nani, nikasema ni fundi tu."



"Afadhali ungemtukana," wifi akasema. "Tusi angelijibu."

Kesho yake ilikuwa siku ya kufunga mkutano. Profesa mgeni alipomaliza kuzungumza, nikaomba dakika mbili.

"Jana mliniuliza maswali mawili, na yote mawili niliyajibu kwa uongo. Yule mliyemkuta akishona ni mume wangu. Nilimkana mbele yenu. Na wazo la mpira ni lake, si langu. Nililichukua hata kabla sakafu aliyopigia magoti haijapoa. Naomba radhi."

Mkuu wa idara aliinamia viatu vyake. Mtu mmoja akakohoa. Profesa mgeni alivua miwani, akaifuta polepole.

"Mwanangu, sisi hukutukosea kitu," alisema. "Unatuomba radhi kwa sababu sisi ndio rahisi. Mwenyewe yuko wapi?"

Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Duka lake ni chumba kimoja chembamba, cherehani mbili na benchi la wateja. Tangu tuoane nilikuwa nimeingia mle mara chache za kuhesabika, tena kwa haraka, nikiogopa mwanafunzi asinione. Siku hiyo kulikuwa na bibi mmoja anasubiri gauni, na mama na binti yake aliyekuja kupimwa sare. Mume wangu aliniona, akaendelea kukanyaga cherehani.

"Karibu," alisema. "Kuna foleni."

"Sikuja kushonewa. Nimekuja kusema mbele ya watu, kwa sababu nilikukana mbele ya watu." Nikawageukia wale wa kwenye benchi. "Samahanini. Hamnijui. Mimi ni mke wa..."

"Tunakujua," bibi akanikatiza. "Nani hakujui hapa? Si wewe huyo?"

Akanyoosha kidole juu ya cherehani. Ukutani ilikuwepo picha yangu nimevaa joho la udaktari, kwenye fremu, kioo chake kimefutwa hakina vumbi. Sikuwahi kuiona hapo.

"Kila anayekuja kupimwa lazima aoneshwe," yule mama akasema akicheka. "'Mke wangu daktari wa fizikia.' Tumeshachoka kusikia!"

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi nilimficha, yeye alinitundika ukutani.

"Kuna jingine hujalijua," nikamwambia, machozi yakinitoka. "Jana waliniuliza wazo la mpira lilikuwa la nani. Nikasema langu."

Cherehani ikasimama.



"Hilo limeniuma kuliko la kwanza," akasema. "Kuitwa fundi nimezoea. Lakini ule mpira nilikushonea wewe."

"Najua. Leo nimewaambia ukweli wote, ukumbi mzima. Sikuja ili unisamehe leo. Nimekuja usije ukalisikia kwa mtu mwingine."

Bibi akamgusa binti magoti, wakasogea kidogo kwenye benchi. Mume wangu akaitazama ile nafasi, kisha akanitazama mimi.

"Kaa," alisema. "Nina nguo mbili za kumaliza. Tutaondoka pamoja. Ila nyumbani tutaongea, na hutanikatiza."

"Sitakukatiza."

Nikakaa, kichwa chini, maana nikikiinua naiona ile picha. Bibi akaniinamia.

"Hebu mwanangu, tuambie leo. Huko mnasoma nini hasa? Huyu mumeo akieleza, anaringa tu."

"Muulize yeye, bibi. Anaeleza vizuri kuliko mimi."

Mume wangu alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, jicho moja kalifumba.

"Mwambie mwenyewe, Daktari," akasema. "Ukikosea nitakurekebisha."